Maneno ya Msiba: Asili na Maana Yake kwa Mwamini Mkatoliki

Katika jumuiya ndogo ndogo za kata ya Nyasura, mjini Bunda, haupiti muda mrefu bila simu kuita usiku na sauti kusema, "Tumepata msiba." Asubuhi yake viti vinabebwa, turubai linafungwa, akina mama wanakusanya sufuria na kuni, na mwenyekiti wa jumuiya anaanza kuandika majina kwenye daftari. Hapo maneno fulani yanaanza kutumika ambayo siku nyingine hatuyasemi sana: tanzia, rambirambi, marehemu, wafiwa, kuanua tanga, arobaini. Tunayatamka kwa mazoea, wakati mwingine bila kujua yametoka wapi wala yanatudai nini.

Tumeona vema kuyaeleza kwa sababu ya maswali matatu yanayorudi mara kwa mara msibani. La kwanza: je, ni halali Mkristo kumwita ndugu yake aliyekufa "marehemu", iwapo neno hilo ni la Kiarabu? La pili: je, Mkristo mwenye imani anaruhusiwa kulia? La tatu, ambalo huulizwa kwa sauti ya chini zaidi, aghalabu na wajane: tanga likishaanuliwa, mimi ninabaki na nani? Maneno yenyewe, tukiyafungua, yanatusaidia kujibu yote matatu.

Kwanza, kuhusu Kiarabu

Kiswahili ni lugha ya Kibantu iliyokua pwani na kupokea maneno mengi ya Kiarabu kwa karne nyingi. Msibani maneno ya chemchemi hizo mbili yamekaa bega kwa bega. Kufa, kulia, kuzika, kuomba na pole ni ya Kibantu. Ndugu zake wanasikika katika lugha nyingi zinazosemwa mkoani Mara, kama Kijita, Kikwaya, Kiikizu, Kizanaki, Kikurya na Kisukuma. Msiba, marehemu, kufariki, jeneza, kaburi, maiti na yatima yametoka Kiarabu.

Asili ya neno haiamui dini yake. Neno Injili lilitufikia kupitia Kiarabu, nacho kililipokea kutoka Kigiriki. Zaburi, madhabahu, rehema na kasisi nayo yamepitia Kiarabu. Hata tunapoungama mafundisho ya Kanisa juu ya toharani, tunatumia neno lililojengwa juu ya tohara, yaani usafi, ambalo ni la Kiarabu. Wapo Wakristo Waarabu waliosali kwa lugha hiyo tangu karne za mwanzo za Kanisa. Basi anayemkataza mwenzake kusema "marehemu" kwa kuwa ni Kiarabu, itambidi aikataze na Injili. Swali lenye faida ni jingine: neno hili linasema nini, nasi tunamaanisha nini tukilitamka?

Msiba

Msiba ni neno la Kiarabu lenye maana ya janga, jambo zito lililompata mtu. Mzizi wake unahusu kitu kinachompiga mtu na kumpata, kama mshale unavyopata shabaha. Kiswahili kina maneno mengine ya mzizi huo huo: kusibu, kama tunaposema "yaliyomsibu ndugu yetu", na masaibu, yaani mateso na taabu. Anayesema "nimepata msiba" anakiri kwamba amepigwa, na kwamba pigo hilo hakulichagua.

Hapa tunajifunza unyenyekevu wa kwanza. Mbele ya aliyepigwa, kazi yetu si kueleza kwa nini amepigwa. Rafiki zake Ayubu walifanya vema walipoketi naye chini siku saba bila kusema neno, kwa maana waliona jinsi maumivu yake yalivyokuwa makubwa (Ayu 2:13). Walikosea walipoanza kutafuta dhambi iliyoleta msiba. Nasi hukosea hivyo hivyo tunapokaa pembeni ya turubai na kunong'ona nani kamloga nani, au marehemu alifanya nini hata akafa akiwa kijana. Maneno hayo yamewahi kugawa ukoo mzima, na kuwaweka wazee wasio na kosa katika hatari.

Kufa, kufia, kufiwa

Kitenzi kufa ni kifupi na cha kale, kinachofanana na vya ndugu zetu Wabantu wengi. Lakini Kiswahili kimekijengea kitenzi ambacho lugha nyingi za Ulaya hazina kwa neno moja: kufiwa. Kutoka kufa tunapata kufia, na kutoka kufia tunapata kufiwa. Mama akifa, mtoto "amefiwa na mama". Kifo kinatajwa kama tendo lenye watu wawili: aliyekufa, na yule ambaye kifo hicho kimemwangukia. Huyo wa pili tunampa jina, mfiwa.

Sarufi hii inafundisha jambo ambalo Mtume Paulo analifundisha juu ya Mwili wa Kristo: kiungo kimoja kikiumia, viungo vyote huumia pamoja nacho (1Kor 12:26). Hakuna anayekufa peke yake. Kwa hiyo jumuiya inapoulizwa, "Nani amekufa?", isiishie hapo. Iulize pia, "Nani amefiwa?" Mara nyingi mfiwa mkubwa si yule anayeketi mbele karibu na jeneza. Pengine ni mtoto wa darasa la tatu aliyepelekwa kwa majirani ili asisumbue, au dada wa kazi aliyemuuguza marehemu miezi mingi, naye hakutajwa hata mara moja katika historia ya marehemu iliyosomwa.

Wahenga wamesema: kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Methali hiyo ina adabu ndani yake. Anayekuja kufariji asiwe na sauti kubwa kuliko aliyefiwa.

Kilio

Kilio kimetoka kwenye kitenzi kulia. Sehemu nyingi za bara, neno hili ni jina la msiba wenyewe. Tunasema "nakwenda kwenye kilio". Wazee wetu hawakuona haya kuuita mkusanyiko mzima kwa jina la machozi.

Siku hizi husikika wahubiri wakiwaambia wafiwa wanyamaze, kwa kuwa kulia ni kukosa imani. Mafundisho hayo si ya Kanisa. Mwinjili Yohane anasimulia kwamba Bwana Yesu mwenyewe alitokwa na machozi alipofika kwa Lazaro, ingawa alijua kwamba dakika chache baadaye atamwita atoke kaburini (Yn 11:33-44). Mtume Paulo hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Aliwataka wasihuzunike kama watu wasio na matumaini (1Thes 4:13). Tofauti iko katika matumaini, haiko katika machozi.

Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu, anasimulia katika kitabu cha tisa cha Maungamo yake jinsi alivyojikaza asilie mama yake Monika alipofariki huko Ostia mwaka 387. Alijizuia wakati wa mazishi, lakini baadaye, akiwa peke yake mbele za Mungu, aliyaachia machozi. Aliandika akimwomba msomaji asimcheke, bali amwombee. Ikiwa Askofu na Mwalimu wa Kanisa hakuficha kwamba alimlilia mama yake, mwanamume wa Nyasura asiambiwe ajikaze kiume.

Omboleza na maombolezo

Kuomboleza ni zaidi ya kulia. Anayelia anaweza kutoa sauti tu. Anayeomboleza anaweka huzuni katika maneno au wimbo na kuielekeza kwa mtu anayesikia. Katika neno hilo sikio la Mswahili husikia pia kuomba, nayo Biblia inathibitisha ukaribu huo: Zaburi nyingi ni maombolezo yanayogeuka kuwa sala. Kitabu kizima cha Maandiko kinaitwa Maombolezo. Katika Kiebrania huitwa kwa neno lake la kwanza, ambalo ni mshangao wa uchungu, kama mtu anayeshika kichwa na kuuliza imekuwaje mji uliojaa watu umebaki mtupu.

Taifa nalo huomboleza. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Septemba 20, 2018, na watu zaidi ya 200 kupoteza maisha, Serikali ilitangaza maombolezo ya kitaifa na bendera zikapepea nusu mlingoti. Familia nyingi za kandokando ya Ziwa Victoria bado zinahesabu miaka kuanzia siku ile. Bendera hurudishwa juu baada ya siku chache. Kanisa halina siku ya kuacha kuwaombea waliozama.

Pole

Tunapofika msibani neno la kwanza ni "Poleni", na jibu la kawaida ni "Asante, tumekwisha poa." Jibu hilo linaonyesha ukoo wa neno. Pole ni jirani wa kupoa, yaani kupungua joto, kutulia. Ndiyo hiyo hiyo tunayoirudia tukisema polepole. Anayesema pole anamtakia mwenzake moto wa uchungu upungue taratibu. Hamwambii kwamba umekwisha, wala hamwamuru aumalize leo.

Kwa sababu hiyo pole ni neno linalohitaji muda. Halifai kurushwa dirishani mwa gari. Mwenye kulisema kwa ukweli hulirudia baada ya wiki mbili, na baada ya mwezi, wakati watu wengine wamekwisha sahau.

Tanzia, taazia na rambirambi

Tanzia leo ni tangazo la kifo. Taazia ni maneno au barua ya kuwafariji wafiwa. Maneno hayo mawili yanahusiana na neno moja la Kiarabu lenye maana ya kumfariji mtu na kumtia moyo wa kuvumilia. Ingefaa tukumbuke hilo tunapoandika matangazo yetu ya kanisani na kwenye simu. Tanzia isiwe orodha ya ratiba na michango tu. Iwe na faraja, na iwe na ombi la sala.

Rambirambi ni salamu za kuwafariji wafiwa. Katika matumizi ya sasa neno limehamia kwenye fedha: tunasema "rambirambi imekusanywa kiasi fulani". Jambo hilo si baya kwa lenyewe. Pwani nao husema ubani kwa mchango wa namna hiyo, na ubani ni uvumba unaofukizwa. Sisi Wakatoliki tunaujua ubani mahali pengine pia: padre anapofukiza mwili wa marehemu kabla haujaondoka kanisani, anauheshimu kama hekalu la Roho Mtakatifu (taz. 1Kor 6:19). Mchango na moshi wa uvumba vina nia moja, heshima.

Heshima hiyo huharibika pale jina la asiyechanga linaposomwa hadharani, au mwili unapocheleweshwa ili michango ya chakula itimie. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1181, inadai kwamba katika sadaka za mazishi pasiwe na upendeleo wala maskini asinyimwe mazishi yanayostahili. Kuzika wafu ni tendo la huruma la kimwili. Tobiti aliwazika ndugu zake akihatarisha maisha na mali (Tob 1:17-20), wala hakuuliza kwanza kama walikuwa wamelipa michango ya jumuiya.

Marehemu, hayati na Mtumishi wa Mungu

Hapa tunalifikia swali la kwanza. Marehemu kwa Kiarabu ni "aliyerehemiwa", mtu aliyefanyiwa rehema. Ni jina linaloficha sala ndani yake. Tukisema "marehemu baba", tunaomba na kutumaini kwamba Mungu amemrehemu. Hatutoi hukumu kwamba amekwisha fika mbinguni, wala kwamba amepotea. Ni vigumu kupata neno linaloafikiana zaidi na imani ya Kikatoliki. Sisi tunafundisha kwamba wanaokufa katika neema ya Mungu, lakini wakiwa hawajatakasika kikamilifu, wana hakika ya wokovu na bado wanahitaji kutakaswa (Katekisimu ya Kanisa Katoliki, 1030-1032). Yuda Makabayo alipeleka sadaka Yerusalemu kwa ajili ya wenzake waliokufa vitani, nayo Maandiko yanasifu tendo hilo (2Mak 12:43-45).

Basi tuangalie tusiue sala hiyo kwa maneno mengine. Anapotangazwa kila mtu kwamba "yuko mbinguni tayari, anatuombea", wanaobaki huona hakuna haja ya kumwombea. Tunamnyima marehemu msaada wetu kwa kudhani tunamsifu.

Hayati nalo lina maana ya kushangaza: kwa asili ni "uhai", ndugu wa neno hai. Kiswahili kimelifanya cheo cha mtu mashuhuri aliyefariki. Mkristo akilitumia anaweza kukumbuka fundisho la liturujia ya wafu, kwamba kwa waamini uzima hugeuzwa, hauondolewi.

Mkoa wetu una mfano ulio karibu. Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alifariki London Oktoba 14, 1999, akazikwa kwao Butiama Oktoba 23 mwaka huo huo. Taifa humwita Hayati Baba wa Taifa. Tangu mwaka 2005, mchakato wa kumtangaza mwenye heri ulipofunguliwa katika Jimbo la Musoma, Kanisa humwita Mtumishi wa Mungu. Jina hilo halimaanishi kwamba ni mtakatifu. Linamaanisha kwamba maisha yake yanachunguzwa kwa utaratibu wa Kanisa. Kama Kanisa halina haraka kumtangaza mtu ambaye taifa zima lilimlilia, nasi tuwe na kiasi pale kaburini.

Kufariki, kuaga na buriani

Kufariki ni kuachana. Ndiyo maana tulisema kwa ukamilifu "amefariki dunia", ameachana na dunia. Kutoka mzizi huo huo tuna kufarakana na mfarakano. Ukaribu wa maneno hayo ni onyo kwetu sote. Mara ngapi kufariki kwa mzazi mmoja kumezaa mfarakano wa watoto sita? Shamba la mihogo, ng'ombe wanne na nyumba ya bati vimewahi kuwafanya ndugu wa tumbo moja wakae misa tofauti Jumapili. Mjane na mayatima wana haki zao, na haki hizo haziondolewi na kikao cha ukoo kilichoitishwa kabla udongo wa kaburi haujakauka. Ni busara mtu kuandika wosia akiwa mzima, mbele ya mashahidi, ili kufariki kwake kusiwafarakanishe watu wake.

Kuaga dunia ni usemi wa upole zaidi. Aliyekufa anatajwa kama msafiri mwenye adabu, asiyeondoka bila kuwaaga wenyeji. Buriani ni neno la kuagana ambako watu husameheana, kabla ya safari ndefu au kabla ya kufa. Adhimisho la mazishi lina sehemu inayoafikiana na maneno haya, yaani ibada ya kumkabidhi marehemu kwa Mungu na kumwaga kwa mara ya mwisho. Utaratibu wa Mazishi uliotolewa mwaka 1969, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, unapanga vituo vitatu: nyumbani, kanisani na makaburini. Kwa Kilatini mazishi huitwa kwa neno lenye maana ya kufuata hadi mwisho, nasi kwa Kiswahili tunasema kumsindikiza. Msindikizaji mwema huenda mpaka mahali pa kuachana. Basi tusiondoke baada ya chakula na kuwaacha vijana wachache na katekista makaburini.

Kaburi na kulala

Kaburi ni neno la Kiarabu, na kuzika ni la Kibantu. Wakristo wa kwanza waliosema Kigiriki walichagua jina jingine kwa mahali pa makaburi, lenye maana ya "mahali pa kulala". Anayelala ataamka, ndivyo walivyoamini. Kiswahili chetu cha kanisani kimepokea imani hiyo tunaposema "amelala katika Bwana".

Vivyo hivyo tunasema "apumzike kwa amani". Kupumzika ni ndugu wa pumzi. Mtu aliyechoka akiketi hupata pumzi tena. Tunamwombea aliyekata pumzi apewe pumziko, naye Mungu aliyempulizia Adamu pumzi ya uhai (Mwa 2:7) anaweza kumpa. Tunapoomba pia awekwe mahali pema peponi, tunatumia neno ambalo Biblia ya Kiswahili imeliweka kinywani mwa Bwana Yesu alipomjibu mwizi aliyetubu msalabani (Lk 23:43).

Matanga na kuanua tanga

Matanga ni wingi wa tanga. Tanga ni la chombo cha baharini, na matanga ya mitepe ya zamani ya pwani yalifumwa kwa majani kama mkeka. Msibani nako watu huketi na kulala chini juu ya mikeka, na siku hizo za kukaa pamoja huitwa matanga. Siku ya kumaliza, tunasema tumeanua tanga. Kuanua ni kutoa kitu kilichoanikwa nje na kukirudisha ndani. Nyasura leo tunalala juu ya magodoro na chini ya turubai, lakini usemi umebaki.

Maandiko yanajua siku za namna hii. Yosefu alimwombolezea Yakobo baba yake siku saba (Mwa 50:10). Wana wa Israeli walimlilia Musa siku 30 (Kum 34:8). Yoshua bin Sira anamtaka mtu amlilie marehemu kwa heshima inayomstahili, kisha akubali kufarijiwa, kwa sababu huzuni isiyo na mwisho hudhuru moyo (Sira 38:16-23). Kwa hiyo kuanua tanga ni jambo jema. Huwapa wafiwa ruhusa ya kurudi shambani, sokoni na shuleni.

Kanisa nalo lilizoea kwa muda mrefu kuwaombea marehemu kwa Misa ya siku ya tatu, ya saba, ya 30 na ya mwaka. Anayetaka Misa siku ya 40 hatendi kosa. Arobaini ni hesabu tu kwa Kiarabu, nayo inatukumbusha siku ambazo Bwana alikaa na wanafunzi wake kati ya kufufuka na kupaa (Mdo 1:3). Kosa ni kuifanya arobaini iwe sherehe ya pombe na deni, na Misa ikawa nyongeza.

Majirani zetu wanaosema Kijaluo wana mila iitwayo tero buru, maana yake kupeleka vumbi, ambapo watu huondoka na mifugo na ngoma kama wanaofukuza kifo. Yapo katika mila zetu mambo ya kuheshimu. Yapo pia ambayo Mkristo hawezi kuyashiriki, na zito kuliko yote ni kumlazimisha mjane alale na mwanamume ili "atakaswe", au arithiwe na ndugu wa mume. Mjane hana uchafu wa kutakaswa. Mtume Paulo anafundisha kwamba mume akifariki, mwanamke yuko huru, na akitaka kuolewa na aolewe katika Bwana tu (1Kor 7:39). Uhuru huo ni wake, wala si wa ukoo. Anayeshurutishwa na amwendee padre, katekista au viongozi wa jumuiya, nao wasimrudishe nyumbani kwa maneno ya "vumilia".

Tanga likishaanuliwa

Sasa swali la tatu. Mama mmoja mjane alituambia kwamba siku ngumu kuliko zote haikuwa ya mazishi. Ilikuwa ya kumi na mbili. Turubai lilikwisha rudishwa, sufuria zimegawanywa kwa wenyewe, na jioni alijikuta amepika ugali wa watu wawili. Akasema, "Nilikaa nikautazama mpaka ukapoa."

Hilo ndilo jambo tunalotaka jumuiya zetu zilichukue kutoka katika maneno haya yote. Mtakatifu Yakobo anasema dini iliyo safi ni kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao (Yak 1:27), wala hakuweka kikomo cha siku tatu. Tunapendekeza mambo manne yasiyo na gharama kubwa. Jumuiya iandike katika daftari lile lile la rambirambi tarehe ya mwezi mmoja, ya miezi mitatu na ya mwaka, na iteue watu wawili wa kumtembelea mfiwa siku hizo. Jina la marehemu litajwe katika nia za sala za jumuiya kila mwezi. Mtoto aliyefiwa apate mtu mzima mmoja anayemuuliza habari za shule. Na fedha za rambirambi, kiasi fulani kibaki kwa mjane au mgane baada ya mazishi, zisiishie zote jikoni.

Novemba na neno la mwisho

Mwezi wa Novemba, Kanisa linawakumbuka Marehemu wote. Desturi ya kuwaombea wote kwa pamoja Novemba 2 ilienezwa na Mtakatifu Odilo, abati wa Cluny huko Ufaransa, tangu mwisho wa karne ya 10. Kuanzia Novemba 1 hadi 8, mwamini anayetembelea makaburi na kuwaombea wafu anaweza kuwapatia rehema kamili, akitimiza masharti ya kawaida: kitubio, Komunyo Takatifu, sala kwa nia za Baba Mtakatifu, na moyo ulioachana na kila dhambi. Tazama jinsi neno rehema linavyorudi: aliyeitwa marehemu, yaani aliyerehemiwa, tunamtafutia rehema.

Limebaki neno moja, nalo si la msiba. Katika kufufuka tunaisikia ile ile -fu ya mfu na wafu, pamoja na mwisho -uka tunaoujua katika fungua na funguka, mwisho unaotengua tendo. Kilichofungwa kimefunguka, aliyekuwa mfu amefufuka. Lugha ya wazee wetu ilikuwa na nafasi ya neno hilo kabla mmisionari wa kwanza hajafika ufukweni mwa ziwa letu. Injili ilitupa jina la Yule aliyelitimiza.

Tuwaombee marehemu wetu wote wa Nyasura, wa Bunda, wa Butiama na wa Musoma, pamoja na wale ambao ziwa halikuwarudisha. Na jioni ya leo, kabla ya kulala, tumkumbuke mfiwa mmoja ambaye tanga lake lilianuliwa zamani, tumpigie simu, tumwambie tena: pole.